Umesahau Nenosiri la Akaunti ya Microsoft Inayofungua Kompyuta: Njia Tano Zikilinganishwa

Kompyuta nyingi zinazotumia Windows 10 na Windows 11 hufunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, yaani akaunti ile ile inayobeba barua pepe za Outlook, mafaili ya OneDrive na programu zilizonunuliwa kwa jina la mtumiaji. Anayesahau nenosiri la akaunti hiyo hujikuta amefungiwa milango miwili kwa pamoja, wa kompyuta na wa akaunti, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu njia zinazopendekezwa mtandaoni huchanganya milango hiyo kana kwamba ni mmoja. Ziko njia zinazorudisha akaunti, kisha kompyuta ikafuata yenyewe. Ziko zinazofungua kompyuta tu na kuiacha akaunti pale pale ilipopotelea. Na iko moja inayokurudishia kompyuta ikiwa tupu.

Ulinganisho huu unahusu akaunti binafsi. Mwenye akaunti aliyopewa kazini au chuoni asipoteze muda na njia zilizoelezwa hapa, kwa kuwa akaunti ya namna hiyo iko chini ya idara ya TEHAMA ya taasisi yake, na huko ndiko anakopaswa kuanzia.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, yapo mambo madogo ya kuhakikisha. Bonyeza alama ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku cha nenosiri ili uone unachokiandika, maana mara nyingi kosa liko kwenye Caps Lock au kwenye mpangilio wa kibodi uliobadilika na kuhamisha alama kama @ kutoka mahali pake. Kumbuka pia kwamba kompyuta isiyo na intaneti hulinganisha unachoandika na nenosiri la mwisho lililofanikiwa kwenye mashine hiyo hiyo. Ikiwa ulibadilisha nenosiri kupitia simu na sasa hulikumbuka lile jipya, zima Wi-Fi au chomoa waya wa mtandao kisha ujaribu la zamani. Ikiwa kilichosahaulika ni anwani yenyewe ya akaunti na si nenosiri, Microsoft wana ukurasa wa kutafuta jina la mtumiaji, ambapo unaandika namba ya simu au barua pepe ya akiba, unapokea msimbo, kisha unaonyeshwa akaunti zilizounganishwa nayo.

Mambo ya kupimia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali manne. La kwanza ni nini unapaswa kuwa nacho mkononi ili njia hiyo ifanye kazi. La pili ni muda unaohitajika. La tatu ni hatima ya mafaili yaliyomo kwenye diski. La nne, ambalo watu hulisahau mpaka wachelewe, ni kama akaunti inarudi au hairudi. Kwa maoni yangu swali la kwanza ndilo linalopaswa kuongoza, kwa sababu njia ya haraka usiyokuwa na vifaa vyake haina haraka yoyote.

Msimbo kwa simu au barua pepe ya akiba

Hii ndiyo njia ya kawaida, na inapatikana kwa namna mbili. Unaweza kuianzia kwenye skrini ya kuingilia ya kompyuta yenyewe, kwa kubofya kiungo cha kusahau nenosiri kilicho chini ya kisanduku, au ukaifuata kwa kivinjari cha simu au kompyuta nyingine kupitia ukurasa wa account.live.com/password/reset. Namna ya kwanza inahitaji kompyuta iwe na intaneti, na wapo wasiojua kwamba alama ya mtandao iliyo kwenye kona ya chini ya skrini ya kuingilia inafanya kazi hata kabla ya kuingia, hivyo wanaweza kuunganisha Wi-Fi papo hapo.

Unachohitaji ni kuweza kupokea ujumbe kwenye namba ya simu au barua pepe uliyoiandikisha zamani, au kuwa na programu ya uthibitishaji iliyounganishwa na akaunti. Ukurasa hauonyeshi anwani nzima: utaona herufi chache za mwanzo, nyota kadhaa, kisha jina la mtoa huduma, nawe utatakiwa kuikamilisha anwani hiyo, au kuandika tarakimu 4 za mwisho ikiwa ni namba ya simu. Hapo msimbo hutumwa. Nenosiri jipya linapaswa kuwa na herufi zisizopungua 8, na mfumo hukataa ulilowahi kulitumia. Waliowasha uthibitishaji wa hatua mbili wana sharti la ziada, kwani watatakiwa kuthibitisha kwa njia mbili tofauti za mawasiliano, na aliyebaki na moja tu hatapita.

Muda wake ni dakika chache. Mafaili hayaguswi kabisa, akaunti inarudi nzima, na hata diski iliyosimbwa, yaani ambayo kilichomo hakisomeki bila ufunguo, haileti shida. Jambo la kuangalia ni kwamba kompyuta lazima iwe na intaneti mara ya kwanza unapoandika nenosiri jipya, la sivyo itaendelea kulitambua lile la zamani tu. PIN uliyokuwa nayo haibadiliki.

Aliyepoteza simu asiiondoe njia hii kwenye hesabu mapema. Laini iliyopotea kwa kawaida hurudishwa na kampuni ya simu kwa namba ile ile, na nenosiri la barua pepe ya akiba nalo huweza kurejeshwa kwa mtoa huduma wake. Kuzunguka kwa siku moja kuitafuta laini ni nafuu kuliko wiki nzima ya kujaza fomu. Wapo pia waliowahi kuchapisha msimbo wa urejeshaji wa Microsoft, wenye herufi na tarakimu 25, wakauhifadhi kwenye jalada na kuusahau. Huo nao hufungua akaunti, ilimradi hukutengeneza mwingine baadaye, kwa kuwa mpya huufuta wa zamani.

Inamfaa yeyote ambaye taarifa zake za usalama bado zinafikika.

PIN, alama ya kidole au uso

Watu huchanganya PIN na nenosiri kwa sababu vyote huandikwa kwenye skrini moja. Nenosiri ni la akaunti na hufanya kazi popote, ilhali PIN ni ya mashine moja tu, hukaa ndani ya mashine hiyo, na hufanya kazi hata bila intaneti. Kwa hiyo aliyesahau nenosiri anaweza kabisa kuwa na PIN inayofungua, hasa ikiwa skrini ya kuingilia ilikuwa imebaki kwenye chaguo la nenosiri. Bofya chaguo za kuingia uone alama nyingine zilizopo: kibonye cha tarakimu kwa PIN, alama ya kidole, au uso.

Inahitaji ukumbuke PIN, au uwe na kidole kilichoandikishwa, na muda wake ni sekunde. Ukikosea PIN mara kadhaa, Windows itakutaka uandike maneno A1B2C3 kabla ya kuendelea. Wengi hushtuka wakidhani wamevamiwa, lakini hicho ni kipimo tu cha kuhakikisha kwamba kibodi haijaharibika na kwamba anayebofya ni mtu. Ukizidi kukosea utatakiwa kuwasha kompyuta upya. Ikiwa iliyosahaulika ni PIN na nenosiri unalijua, kiungo cha kusahau PIN kitakuomba nenosiri pamoja na msimbo, kisha uweke PIN mpya, na hilo linadai intaneti.

Mafaili yako salama. Akaunti, hata hivyo, hairudi kwa njia hii peke yake. Umeingia ndani ya nyumba lakini ufunguo wa lango bado umepotea. Faida kubwa ya kuingia ni mbili. Kwanza, unaweza kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje mara moja, kabla ya kufanya lolote jingine. Pili, unaweza kukuta nenosiri lenyewe limehifadhiwa kwenye kivinjari. Edge na Chrome zote zina orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa, na zinapotaka uthibitishe kabla ya kukuonyesha, hukubali PIN ile ile ya Windows. Tafuta humo anwani ya login.live.com. Nimeona mara nyingi suala zima likiishia hapo, na mtu alikuwa tayari ameshapanga kufuta kompyuta.

Ukiwa ndani, hifadhi pia ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, yaani mfumo wa Windows wa kusimba diski, ikiwa diski imesimbwa, kwenye karatasi au diski ya nje. Sababu yake itaonekana mbele.

Fomu ya kurejesha akaunti

Hii ni kwa aliyepoteza nenosiri na taarifa zote za usalama kwa pamoja. Hupatikana kwenye account.live.com/acsr, na hujazwa kwa kivinjari chochote. Inadai kitu kimoja cha lazima, nacho ni barua pepe nyingine inayofanya kazi ambayo utajibiwa kupitia kwake. Inaweza kuwa ya mtoa huduma yeyote na inaweza kuwa ya rafiki. Yanayobaki ni kumbukumbu yako: jina na tarehe ya kuzaliwa kama ulivyoviandika wakati wa kufungua akaunti, nchi, manenosiri ya zamani, anwani za watu uliowaandikia karibuni, na vichwa vya habari vya barua ulizotuma.

Fomu hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na sehemu ya lawama inatokana na namna inavyojazwa. Anayeijibu hawezi kukuona wala kusikiliza maelezo yako. Anachofanya ni kulinganisha ulichoandika na kilichomo kwenye kumbukumbu za akaunti. Kichwa cha barua kilichoandikwa kwa takriban hakina uzito wa kilichoandikwa neno kwa neno. Ndiyo maana inafaa kuwapigia watu watatu au wanne uliowahi kuwaandikia, uwaombe wakusomee vichwa vya barua zako kama vilivyo kwenye visanduku vyao, kabla ya kuifungua fomu. Jaza kutoka kwenye kifaa na mtandao ambao akaunti ilizoea kutumika, kwa sababu hilo nalo huzingatiwa. Andika hata manenosiri usiyo na uhakika nayo.

Jibu kwa kawaida huja ndani ya saa 24. Likiwa la kukataliwa, unaruhusiwa kurudia hadi mara mbili kwa siku, na ni afadhali kurudia ukiwa na taarifa zaidi kuliko kurudia zile zile. Mafaili ya kompyuta hayaguswi katika kipindi chote hicho, na fomu ikikubaliwa akaunti inarudi yote. Ina ukuta mmoja usiopandika: akaunti iliyowashiwa uthibitishaji wa hatua mbili haiwezi kurejeshwa kwa fomu hii. Sharti hilo ni gumu, lakini ndilo linalomzuia pia mwizi anayejua tarehe yako ya kuzaliwa na majina ya rafiki zako.

Kuna kanuni ya siku 30 inayotajwa sana na kueleweka vibaya. Inamhusu mtu anayelijua nenosiri lake lakini amepoteza simu na barua pepe za akiba. Huyo anaweza kuomba taarifa zote za usalama zibadilishwe, na ombi hilo hukaa siku 30 ili mwenye akaunti halisi apate nafasi ya kulipinga. Asiyejua nenosiri hawezi kuutumia mlango huo, na kusubiri siku 30 hakutamsaidia kitu.

Inamfaa mwenye akaunti iliyotumika kwa miaka, yenye barua na historia. Akaunti iliyofunguliwa ili kuwasha kompyuta tu, isiyowahi kutuma barua hata moja, ina machache sana ya kuithibitisha.

Akaunti nyingine ya msimamizi kwenye mashine hiyo hiyo

Ikiwa kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na mmoja wao ana akaunti yenye haki za msimamizi, basi kompyuta haijafungwa kwa maana halisi. Inahitajika ridhaa ya mtu huyo na nenosiri lake tu. Msimamizi anaweza kulifungua folda la mtumiaji aliyekwama, akanakili nyaraka na picha zake, na kumtengenezea akaunti mpya ya ndani isiyotegemea mtandao. Kazi hii huchukua muda wa kunakili mafaili, basi.

Mipaka yake ni mitatu. Msimamizi hawezi kubadilisha nenosiri la akaunti ya Microsoft ya mtu mwingine, kwani halikai kwenye mashine. Anaweza kufanya hivyo kwa akaunti za ndani pekee. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari cha aliyekwama hayatasomeka yakinakiliwa, kwa sababu yamesimbwa kwa akaunti yake. Na mafaili ya OneDrive yaliyokuwa yakionekana kwenye folda lakini yakiwa na alama ya wingu hayapo kwenye diski, hivyo hayanakiliwi. Akaunti yenyewe hairudi.

Kuiweka Windows upya

Njia ya mwisho ni kufuta kila kitu. Kwenye skrini ya kuingilia unashikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha unaingia kwenye utatuzi wa matatizo na kuchagua kuirudisha kompyuta kwenye hali ya mwanzo. Mbadala wake ni kutumia flashi yenye nafasi isiyopungua GB 8 iliyoandaliwa kwa programu ya Microsoft ya kutengenezea kisakinishi, kwenye kompyuta nyingine. Leseni ya Windows kwa kawaida hutambuliwa kutokana na mashine yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kununua upya.

Tenga saa kadhaa. Ukichagua kupakua Windows kutoka mtandaoni, andaa zaidi ya GB 4 za data. Mafaili hupotea, na programu zote zitasakinishwa tena.

Hapa ndipo BitLocker inapouma. Kompyuta nyingi za kisasa husimba diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo wa urejeshaji huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Ukianza kugusa mazingira ya urejeshaji unaweza kukutana na skrini ya buluu inayodai ufunguo wenye tarakimu 48, zilizogawanywa katika mafungu 8 ya tarakimu 6, pamoja na kitambulisho cha ufunguo, ambacho herufi zake 8 za mwanzo hukuwezesha kujua ni ufunguo upi kati ya uliyo nayo. Ufunguo umo ndani ya akaunti, na akaunti ndiyo uliyoisahau. Kutoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine hakusaidii, kwa kuwa bila ufunguo kilichomo hakisomeki. Flashi ya kusakinishia inaweza kufuta sehemu za diski na kuanza upya bila ufunguo, ila hapo mafaili ndiyo yamekwenda moja kwa moja.

Na akaunti? Hairudi. Usakinishaji wa Windows 11 utakutaka uingie kwa akaunti ya Microsoft, na unaweza kufungua mpya, lakini barua na mafaili ya OneDrive yaliyo kwenye ile ya zamani yatabaki huko. Microsoft hutaka akaunti itumike angalau mara moja kila miaka 2 ili isifungwe, kwa hiyo aliyefuta kompyuta bado ana muda wa kuendelea kuijaribu fomu.

Njia hii inamfaa asiye na kitu cha kupoteza kwenye diski, au mwenye nakala kamili mahali pengine, au aliyenunua kompyuta iliyotumika na mwenye awali hapatikani.

Kuhusu wanaojitangaza kufungua akaunti

Watoa huduma wa Microsoft wenyewe hawana uwezo wa kukubadilishia nenosiri wala kukutumia kiungo cha kulibadilisha; watakuelekeza kwenye kurasa zile zile. Kwa hiyo namba ya simu uliyoikuta mtandaoni, inayoahidi kufungua akaunti ndani ya dakika 10 kwa malipo, au inayokuomba uisomee msimbo uliotumiwa, ni ya kuachana nayo. Fundi wa kompyuta anaweza kukusaidia kwa haki kunakili mafaili au kusakinisha Windows, ila akaunti haimo mikononi mwake.

Uchague ipi

Ikiwa namba yako ya simu au barua pepe ya akiba bado inafikika, hata kwa kurudishiwa laini kwanza, anza na msimbo. Ikiwa PIN au kidole bado kinafungua, ingia kwanza kwa njia hiyo, nakili mafaili, tazama kwenye kivinjari, kisha ushughulikie akaunti kwa utulivu.

Ikiwa simu na barua pepe za akiba zimepotea zote na hukuwahi kuwasha hatua mbili, fomu ndiyo tegemeo lako, na kompyuta ikae ilivyo mpaka jibu lije. Ikiwa uliwasha hatua mbili na huna njia yoyote ya kuthibitisha wala msimbo wa herufi na tarakimu 25, akaunti hiyo kwa vitendo haipo tena, na nguvu zako zielekezwe kwenye mafaili kupitia msimamizi mwingine kama yupo.

Ikiwa unahitaji nyaraka kesho asubuhi na mashine ina mtumiaji mwingine mwenye haki za msimamizi, tumia akaunti yake leo na ujaze fomu usiku huo huo, kwa kuwa njia hizi mbili hazizuiani. Kufuta na fomu, kwa upande mwingine, zina mpangilio: fomu kwanza. Akaunti ikirudi, ufunguo wa tarakimu 48 unarudi nayo, na haja ya kufuta huenda ikaisha. Ikiwa fomu imekataliwa mara kadhaa, hakuna msimamizi mwingine, na umeshahakikisha kwamba unachokitaka kiko kwenye nakala nyingine, weka Windows upya kwa flashi, na safari hii uandikishe barua pepe mbili za akiba siku ile ile unapofungua akaunti.